Daktari Ameenda Masomoni

Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri. Methali hiyo nimeiandika katika insha nyingi na kutiwa alama ya vyema, lakini sikuielewa hadi asubuhi moja tulipofika hospitali ya mjini mwetu mimi, mamangu na mdogo wangu wa mwisho. Mtoto alikuwa amevimba uso kama andazi, macho hayaonekani. Karani wa dirishani alitutazama, akafunga daftari na kusema, “Daktari wa watoto hayupo. Ameenda masomoni Afrika Kusini. Miaka miwili.”

Miaka miwili! Mama alilirudia neno hilo kama mtu aliyesikia bei ya kitu asichoweza kukinunua. Mimi nilisema moyoni maneno ambayo siwezi kuyaandika katika jarida hili, maana mwalimu mlezi wa chama atayasoma kabla yenu. Nilijiuliza: daktari si amesoma tayari? Kama hajui, mbona alikuwa akitutibu? Na kama anajua, anaenda kutafuta nini ng'ambo akituacha foleni?

Maswali hayo nimekaa nayo miaka miwili. Daktari alirudi mwezi wa Februari mwaka huu, nami nikapata nafasi ya kumwuliza ana kwa ana. Nayo maktaba ilinisaidia kwa mengine. Katika makala haya nitaeleza jinsi daktari anavyotumwa nchi za nje kusomea ubingwa kwa gharama ya wafadhili, ni nani hulipa, anasoma nini huko, na kwa nini kurudi kwake ni jambo gumu kuliko kuondoka.

Mbona daktari asome tena?

Wengi wetu tukiulizwa tunataka kuwa nani tunajibu “daktari” kwa haraka, kana kwamba ni kazi ya kumaliza kidato cha nne tu na kuvaa koti jeupe. Hebu tufanye hesabu. Shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 6. Baada yake kuna mwaka 1 wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, ndipo upewe leseni kamili. Hapo wewe ni daktari wa magonjwa yote, yaani unatibu malaria, unashona jeraha, unazalisha. Ukitaka kuwa daktari bingwa wa watoto, au wa upasuaji, unarudi chuoni kwa shahada ya uzamili, miaka 3 hadi 5 kutegemea fani. Mara nyingi katikati yake kuna miaka ya kufanya kazi wilayani.

Sasa kuna ngazi ya juu zaidi, nayo ndiyo iliyomwondoa daktari wetu. Daktari wa watoto anaweza kujifunza kiungo kimoja tu: moyo wa mtoto, ubongo wa mtoto, au figo za mtoto. Hiyo ni miaka 2 mingine. Ukijumlisha unapata miaka 12 kwa uchache tangu kumaliza sekondari. Si mchezo.

Hapo zamani hata ngazi ya kwanza ilikuwa safari. Kabla ya Nairobi kuwa na shule yake ya udaktari mwaka 1967, vijana wa Kenya walikwenda Makerere, Kampala, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924. Leo ngazi ya kwanza na ya pili zinapatikana hapa nyumbani. Ngazi ya tatu ndiyo bado mara nyingi hututoa jasho, kwa sababu inahitaji mahali penye wagonjwa wengi wa aina moja, vifaa, na walimu wenye ujuzi huo huo wa kipekee. Huwezi kujifunza figo za watoto kwa kusoma kitabu peke yake, sawa na vile huwezi kujifunza kuogelea ubaoni.

Figo ya mtoto si figo ndogo ya mtu mzima

Katika Biolojia ya kidato cha pili tulifundishwa kuwa kila figo ina vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja, vinavyosafisha damu na kutoa mkojo. Mdogo wangu alipatwa na ugonjwa ambao vichujio hivyo huvuja. Protini ambayo ingebaki mwilini inatoka na mkojo, mkojo unakuwa na povu kama la omo, na maji yanahamia usoni, miguuni na tumboni. Watoto wengi wa ugonjwa huu hupata nafuu kwa vidonge vya prednisoloni. Tatizo ni kuwa vidonge hivyo vikitumiwa muda mrefu humfanya mtoto awe na mashavu makubwa, ale bila kushiba, na asirefuke ipasavyo. Vikipunguzwa haraka, uvimbe hurudi. Mdogo wangu ulimrudia mara tatu. Ndipo panapohitajika mtu anayejua lini apunguze, lini abadilishe dawa, na lini achukue kipande kidogo cha figo kwa sindano kikapimwe.

Daktari alinipa mfano mwingine ambao sitausahau. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Mtoto ana takriban mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hivyo mtoto wa kilo 10 ana mililita 800, haifiki hata lita moja. Ukimweka kwenye mashine ya kusafishia damu yenye mipira na kichujio cha mtu mzima, robo ya damu yake inaweza kuwa nje ya mwili kwa wakati mmoja. Mashine iliyokuja kumwokoa itamwua. Ndiyo maana si kila daktari wa figo anaweza kumshika mtoto, na si kila daktari wa watoto anaweza kuzishika figo.

Nani humtuma, na nani hulipa?

Nilidhani mtu anayekwenda kusoma ng'ambo ni mtu mwenye pesa au mwenye mjomba serikalini. Kumbe daktari wa kufadhiliwa haendi kama mtalii. Anatumwa.

Mahali alipokwenda daktari wetu ni Cape Town, katika Hospitali ya Watoto ya Red Cross War Memorial, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa kumbukumbu ya wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia. Hospitali hiyo hushirikiana na Chuo Kikuu cha Cape Town katika mpango wa kuwafunza madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika, ikiwemo Kenya. Jambo la kwanza nililolipenda ni kwamba daktari hajichagui mwenyewe. Hospitali au chuo cha nyumbani ndicho kinachosema, “Sisi tunakosa mtu wa figo za watoto, na huyu ndiye tunayemleta. Akimaliza, kazi yake iko hapa inamngoja.” Bila ahadi hiyo ya nyumbani, hakuna safari.

Jambo la pili ni malipo. Kwa daktari wetu, kaunti iliendelea kumlipa mshahara akiwa katika likizo ya masomo, nao wafadhili wa mpango walilipa karo na matumizi ya kule. Kwa upande wake alitia sahihi bondi, yaani mkataba wa kurudi na kuitumikia kaunti yetu kwa miaka isiyopungua mitatu. Akikataa, anarudisha pesa.

Jambo la tatu ni leseni. Daktari mgeni wa namna hii huandikishwa Afrika Kusini kwa ajili ya mafunzo tu. Hachukui nafasi ya kazi ya mwenyeji, wala hawezi kufungua kliniki yake mjini. Mafunzo yakiisha, na ruhusa inaisha. Nilipomwuliza kama hakutamani kubaki alicheka akasema, “Mwanangu, Mlima wa Meza ni mzuri, lakini ni mlima wa wenyewe.”

Huko alifanya kazi mchana na usiku wodini akiwa chini ya mabingwa, akafanya utafiti mdogo, na mwishoni akafanya mtihani. Aliniambia kuwa kilichomtoa kijasho cha kwanza si dawa bali lugha. Wazazi wa wagonjwa wengine walizungumza Kiafrikana, wengine Kixhosa. Neno la kwanza la Kixhosa alilojifunza ni “kubuhlungu”, yaani panauma. Alisema lilimkaa upesi kwa kuwa sikioni mwake lilikaribia “uchungu” wetu. Wanachama wa Kiswahili, mnaona faida ya kuwa na lugha ya Kibantu!

Njia nyingine, na miiba yake

Afrika Kusini siyo njia ya pekee. Uingereza ilianzisha mwaka 2009 mpango uitwao Medical Training Initiative. Daktari aliyekwisha kufuzu kwao, hasa kutoka nchi zenye kipato kidogo, hudhaminiwa na mojawapo ya vyuo vya kifalme vya madaktari, kisha hufanya kazi katika hospitali ya umma huku akijifunza, kwa muda usiozidi miezi 24. Wengine hulipwa na hospitali ile ya Uingereza, wengine na serikali zao. Kwa kuwa ana mdhamini, haulizwi ule mtihani ambao madaktari wengi wageni hufanya, ila Kiingereza lazima athibitishe. Katika mtihani wa IELTS alama iliyowekwa ni 7.5 kwa jumla, na isipungue 7 katika sehemu yoyote ile. Miezi 24 ikitimia anatakiwa kurudi kwao na ujuzi wake. Ubaya wa njia hii ni kuwa mgeni yuko katika nchi inayohitaji madaktari sana, na anayetaka kubaki anaweza kuanza kutafuta mlango mwingine.

Kenya nayo ilifanya mapatano na Kuba. Mwaka 2018 madaktari 100 wa Kuba walikuja kufanya kazi katika kaunti zetu, na madaktari 50 wa Kenya wakaenda Kuba kusomea tiba ya familia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 serikali ilitangaza kuyamaliza mapatano ya madaktari wa Kuba. Mipango ya serikali na serikali huja na kwenda, lakini wagonjwa huwa wapo siku zote.

Mfano unaonitisha ni ule wa Kanada. Kwa miaka mingi Saudi Arabia ilikuwa ikiwalipia madaktari wake wakasomee ubingwa katika hospitali za Kanada. Mwezi wa Agosti mwaka 2018 serikali hizo mbili ziligombana, baada ya Kanada kulalamikia kukamatwa kwa watetezi wa haki nchini Saudi Arabia. Saudi Arabia iliwaamuru wanafunzi wake waondoke Kanada, wakiwemo mamia ya madaktari waliokuwa katikati ya mafunzo. Hospitali za Kanada zilishtuka, maana madaktari hao ndio waliokuwa wakikesha wodini. Baadaye waliruhusiwa kuendelea hadi wapate nafasi kwingine. Hapa nilijifunza kuwa anayefadhiliwa ana kamba mguuni. Anayelipa ndiye anayeishika, na fahali wawili wakipigana, nyasi ni yule daktari pamoja na mgonjwa wake.

Bei ya kungoja

Turudi nyumbani. Katika vitabu gharama ya masomo ya daktari huhesabiwa kwa karo na tikiti ya ndege. Lakini kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote. Wakati daktari wetu yuko Cape Town, hakuletwa mwingine mahali pake. Mama na mdogo wangu walipanda basi la usiku hadi Nairobi kila miezi miwili, safari kumi na moja kwa jumla. Siku hizo mimi ndiye nilikuwa naketi kibandani kuuza sukuma wiki na nyanya hadi saa nne, ndipo nije shule. Mwalimu wa Kemia alidhani mimi ni mtoro. Muhula mmoja nilipata D, na sikumweleza kisa, kwa sababu nilijua machozi yangenitangulia.

Kwa hiyo Februari, tulipoitwa ndani na kumkuta daktari mwenyewe kitini, amekonda kidogo na mvi mbili tatu kichwani, uvumilivu ulinishinda. Nikamwuliza, “Daktari, kwa nini ulituacha?”

Mama alinifinya paja. “Msamehe, Daktari. Hana adabu huyu.”

“Mwache, Mama,” daktari akajibu. Alilifungua faili la mdogo wangu, lile la zamani, akanionyesha mwandiko wake mwenyewe. “Unaona hapa? Niliongeza dawa. Hapa nikapunguza. Hapa nikaongeza tena. Nilikuwa nabahatisha, mwanangu. Niliogopa kuwa nitamharibu. Faili hili na mengine kama hili ndiyo yaliyonipeleka.”

Sikuwa na jibu. Hasira niliyoibeba miaka miwili ilikosa mahali pa kukaa. Mtu anayekiri kuwa hajui, akaenda kujifunza na kurudi palepale alipoona haya, huyo siwezi kumwita mkimbizi.

Amerudi, je, amerudia nini?

Msomaji, usidhani hadithi iliishia hapo kwa vigelegele. Kwa miezi minne ya kwanza daktari alikuwa bingwa asiye na zana. Mipira ya kuingiza tumboni mwa watoto haikuwapo, maji maalumu hayakuwapo, na muuguzi wa kumsaidia alihamishwa kila alipomzoea. Aliandika barua hadi, kwa maneno yake, karani akaujua mwandiko wake. Alikuwa kama fundi seremala aliyepewa mbao akanyimwa msumeno.

Alipoletewa vifaa hatimaye mwezi wa Juni, haukupita muda akaletewa mtoto aliyeendesha tumbo hadi figo zikasimama. Mtoto hakuwa amekojoa kwa siku mbili. Zamani angepakiwa kwenye ambulensi kwenda Nairobi, na huenda asingefika. Safari hii daktari aliingiza mpira mwembamba tumboni, akatia maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Maji hayo yakikaa tumboni, uchafu wa damu hupenya kwenye utando wa tumbo na kuingia humo, kisha yanatolewa na kutiwa mengine. Ni usafishaji wa damu usiohitaji mashine kubwa, na unawafaa sana watoto wadogo. Wauguzi walipokezana usiku na mchana. Siku ya sita mtoto akakojoa. Daktari alisema wodi nzima ilishangilia mkojo kama bao la Harambee Stars.

Nilipolisikia hilo nilitambua kuwa daktari peke yake hakumwokoa yule mtoto. Waliokuwepo ni daktari, mpira, maji, na wauguzi waliofunzwa. Ukiondoa kimoja, miaka miwili ya Cape Town haina kazi.

Maoni yangu

Mimi ni mwanafunzi tu, lakini aliyekaa foleni ana haki ya kusema. Kwanza, daktari akitumwa masomoni, aletwe mwingine wa kushika zamu yake, hata kama ni siku mbili kwa wiki. Pili, vifaa viagizwe siku anayopanda ndege, si siku anayoshuka. Miaka miwili inatosha kununua mipira. Tatu, muuguzi naye atumwe, walau kwa muda mfupi, kwani mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Nne, tujenge ngazi ya tatu hapa kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawana kazi hiyo: Kenya ikapewa figo kwa kuanzisha Taasisi ya Figo ya Afrika Mashariki chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Uganda ikapewa saratani, Tanzania ikapewa moyo. Huo ni mpango mzuri. Madaktari wapasuaji nao wana chuo chao cha nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kiitwacho COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999. Hicho humfunza daktari akiwa katika hospitali za kanda hii hii, bila kwenda Ulaya. Wakiwapo walimu wa kutosha nyumbani, safari za nje zitabaki kwa mambo machache ambayo kweli hatuna.

Na ninyi wenzangu mnaoandika “daktari” kwenye fomu za mwalimu wa ushauri, jueni kuwa siku moja huenda mtafadhiliwa. Pesa hizo zitakuwa na majina ya watu mtakaowaacha foleni. Mkifika huko someni sana, kisha mrudi.

Mdogo wangu sasa ana miaka 8. Dawa imepunguzwa hadi nusu kidonge, siku moja anameza, siku moja anaruka. Mashavu yamerudi mahali pake na amerefuka hadi sare yake ya shule imekuwa fupi. Kliniki tunakwenda kwa miguu. Nami Kemia nimepanda hadi B ya kutoa, mwalimu ni shahidi.

Natua kalamu yangu hapa.